Nani Anamdunga Mzee Lihanda?

Wenzangu mnaobaki kazini, mliniomba niandike kidogo kabla sijazoea kuamka saa mbili. Nadhani mlitaka kusikia nilivyopanda vyeo. Hayo yako kwenye faili, na faili haina haraka. Mimi nataka kuwaeleza jambo moja lililonipata miaka ile ya uhuru, jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa jikoni naweka mwiko chini na kusimama. Jina la hospitali siliandiki. Jengo halikukosea kitu. Tuliokosea tulikuwa watu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Nilifika Kakamega nikiwa msichana mwenye gauni jeupe lililotiwa wanga mpaka likawa karibu kusimama peke yake. Nilikabidhiwa kwa dresa mmoja mzee, msaidizi wa tabibu aitwaye Nathani, mtu mfupi aliyejifunza kazi jeshini wakati wa vita na ambaye hakuona haja ya kuharakisha chochote duniani. Asubuhi ya kwanza hakunipeleka wadini. Alinipeleka nyuma ya choo cha wanaume, akaniambia niiname.

"Unaona nini hapo chini?"

"Sisimizi."

"Wanaenda wapi?"

Nikaufuata mstari wao kwa macho mpaka ukutani, mahali ambapo mgonjwa fulani aliyeshindwa kungoja zamu ya choo alikuwa amejisaidia. Walikuwa wengi, wamejazana pale wanakunywa.

"Hapo mtu amekojoa sukari," Nathani akasema. "Wewe umesoma miaka mitatu. Hawa hawajasoma, na wamefika mbele yako."

Nilishtuka, sikatai. Kitabu changu kilikuwa na picha ya mgonjwa wa kisukari: Mzungu mnene aliyefunga tai. Nilikuwa nimemaliza chuo nikiamini huo ni ugonjwa wa watu wanaokaa kwenye viti kutwa. Mchana huo tulimtafuta mwenye mkojo ule, tukamkuta ni babu mwembamba wa Lurambi mwenye sugu za jembe mikononi, anayekunywa maji karibu debe zima kwa siku na kuuliza kwa nini hospitali inatia chumvi kwenye kila kitu. Wiki hiyo hiyo nikawaona wengine wanne, wote wazee, wote wembamba. Nilianza kujiuliza kile kitabu kiliandikiwa nani.

Vifaa vyetu mngevicheka. Hakukuwa na mashine ya kutoboa kidole na kusoma namba. Tulikuwa na taa ya spiriti, kijibomba cha kioo, na dawa ya buluu kwenye chupa kubwa. Unatia dawa ya buluu kiasi cha kijiko, unadondosha mkojo matone manane, unachemsha huku mdomo wa kijibomba umeuelekeza ukutani usimrukie mtu. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikiwa njano, ongea na mgonjwa. Ikigeuka nyekundu ya tofali, ongea na daktari. Sindano zilikuwa za kuchemshwa kwenye sufuria na kunolewa kwenye jiwe. Ninyi mnaotupa sindano baada ya kuitumia mara moja hamjui aibu ya kumdunga mtu mzima kwa sindano butu huku anakutazama usoni. Nathani alinoa kila Ijumaa. Kila sindano aliijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, akaguna, kisha akairudisha kwenye maji ya moto.

Insulini ilikaa kwenye friji ya mafuta ya taa pamoja na chanjo. Huko vijijini friji haikuwako, kwa hiyo Nathani aliwafundisha wagonjwa kuweka kichupa ndani ya kikombe, kikombe ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, na chungu kwenye kona ya giza. Sijui nani alimfundisha yeye. Nilipomuuliza alisema ni maziwa: ndivyo kwao walivyoyahifadhi yasichachuke.

Wagonjwa wa Lurambi walikuja kwa miguu. Wa Butere walipanda basi la asubuhi na kurudi na la jioni, likiwapo. Walioteseka zaidi ni wa Lugari. Wazungu walikuwa wameondoka, mashamba yao yamekatwa vipande, na familia nyingi kutoka huku kwetu kwenye vijishamba vya kubanana zilikuwa zimehamia huko. Watu walisema hao wamepata, na kweli ardhi walikuwa wamepata. Lakini kule walikotoka mzee alizungukwa na ndugu, wapwa na watu wa ukoo wake. Huko Lugari kila nyumba ilisimama peke yake katikati ya mahindi, na jirani yako ni mtu mliyejuana siku ya kuonyeshwa mipaka. Zahanati ya karibu haikuwa na insulini. Mzee aliyeitaka alikuja Kakamega kila mwezi, akalala njiani, akarudi.

Mzee Lihanda alikuwa mmoja wao. Alipokuja mara ya kwanza koti lilikuwa linamning'inia, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia utando. Mkewe alikuwa amefariki kabla hawajahamia. Mwanawe, Zablon, alifanya kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Nandi na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nyumbani alibaki mzee katika kijumba chake, na katika nyumba kubwa mke wa Zablon, Rispa, na watoto wawili ambao mkubwa wao alikuwa bado hajang'oa jino. Mkojo wake niliuchemsha mwenyewe. Uligeuka mwekundu kabla sijahesabu hadi kumi.

Nilimweleza apunguze obusuma, ule ugali wetu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisimulia ndoto.

"Nipunguze mpaka wapi, sista?"

"Kipande cha ngumi moja, mzee."

"Ngumi ya nani?"

"Yako."

Akaikunja ngumi, akaigeuza huku na huku. "Basi nitakufanga na njaa wakati nimeshapona," akasema, na Nathani akatoka nje kwenda kucheka.

Daktari wetu alikuwa mtu mwema aliyeachiwa wagonjwa wa wilaya nzima. Aliandika yuniti ishirini za insulini kila asubuhi, akaniambia nimfundishe jamaa wa mgonjwa kudunga, kwa maana mikono ya mzee ilitetemeka na macho yake hayakuona mistari ya bomba la sindano. Nyumbani jamaa mtu mzima alikuwa mmoja tu. Nikaagiza Rispa aje.

Hapa naomba msome polepole, kwa sababu kila kitu kilikuwa mbele yangu na mimi sikuona kitu.

Rispa alisimama mlangoni, bega moja ndani na jingine nje, kitambaa cha kichwa amekivuta mpaka kwenye nyusi. Nilimwita aingie mara tatu. Mzee Lihanda alikuwa amekaa kitandani akitazama dari. Nilimfundisha Rispa kuchemsha bomba, kuvuta dawa, kutoa hewa, kudunga kwenye ndizi iliyoiva. Alikuwa mwepesi kuliko wanafunzi wangu. Kisha nikafunua paja la mzee nimwonyeshe mahali penyewe. Rispa akageuka akatazama ukuta. Mzee akafumba macho.

"Rispa, tazama huku," nikasema. "Ukuta hauumwi."

Akageuza shingo kidogo, macho akayaelekeza sakafuni. Mimi nikafikiri huyu ni mama wa shamba, anaogopa sindano, atazoea.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, sista."

"Kila asubuhi utaweza?"

"Ndiyo, sista."

Nikaandika kwenye kadi: jamaa amefundishwa. Nikatia sahihi yangu nzuri ya chuoni.

Mwezi uliofuata mkojo ulikuwa mwekundu. Daktari akauliza, "Nyekundu?" Nikasema, "Nyekundu." Akasema, "Ongeza." Tukapanda hadi thelathini. Mwezi wa pili, nyekundu, ongeza. Nilimhoji Rispa kwenye benchi la nje. Alinieleza kuchemsha, kuvuta, chungu, mchanga, bila kukosea hata neno moja. Vichupa vilikuwa vinaisha kwa wakati wake. Nilihesabu mwenyewe, dawa ilikuwa inatumika. Basi ikabaki kosa ni la mzee. Nilimwita, nikamkemea mbele ya wagonjwa wengine kwamba anakula miwa kwa siri.

Mzee yule, mwenye umri wa baba yangu, aliinamisha kichwa. "Nisamehe, sista," akasema. "Nitaacha."

Hakuwa amekula muwa hata mmoja. Aliniomba msamaha kwa kosa nililomtungia, kwa sababu kusema ukweli kungekuwa aibu kubwa zaidi. Hilo nililijua baadaye, na ninapoliandika sasa uso unaniwaka.

Mara sita tuliongeza. Kadi ilifika yuniti themanini. Nathani aliitazama siku moja, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Huyu mtu ni ng'ombe?" akauliza. Nikamjibu kwamba kuna miili inayokataa insulini, kitabu kimesema. Nathani hakubishana na vitabu, alivisubiri.

Kisha mzee akaletwa na kidonda. Msumari ulikuwa umetokeza ndani ya kiatu chake cha akala, akautembelea siku kadhaa bila kuuhisi, maana ugonjwa ulikuwa umeshaua hisia za nyayo. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na kuwa mweusi kwenye vidole. Tulimlaza. Rispa alikuja naye, akaachwa kwenye korido na kikapu chake, maana hakutaka kuingia wadini. Hilo nalo niliona, na nalo nikalipita.

Asubuhi iliyofuata uji ulichelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Mimi sikuchelewa. Nilichukua kadi, nikasoma themanini, nikavuta themanini, nikamdunga Mzee Lihanda pajani kwa mkono wangu mwenyewe. Alishtuka, akaushika mkono wangu. Nilidhani ni maumivu. Nikamwambia, "Mzee, wewe si mgeni wa sindano." Akaniachia.

Ilipofika saa nne alikuwa analowa jasho mpaka shuka linashika mwili. Akaanza kutetemeka. Akamtukana mgonjwa wa kitanda cha pili matusi ambayo mzee wa heshima zake hata hangefikiri. Kisha macho yakageuka juu na taya ikajifunga. Nathani alikuja kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona kwake, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mzee.

"Ameishiwa na sukari," akasema. "Lete glukosi ya mshipa."

"Haiwezekani! Ni dozi yake ya kila siku!"

Nilisema kwa sauti kubwa, na sauti ile ikafika koridoni. Rispa akaja mlangoni. Uso ameugeuza pembeni, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, akiongea na ukuta.

"Sista! Umemdunga?"

"Ndiyo, nimemdunga!"

"Ndani ya nyama?"

"Sasa wapi kwingine?"

Akapiga yowe. "Woi! Baba hajawahi dungwa! Baba anakunywanga! Anakunywanga hiyo dawa na chai!"

Nimeona mengi katika kazi hii. Nimezalisha mapacha kwenye kiti cha basi. Lakini sijawahi kupigwa na butwaa kama siku ile. Nilisimama na lile bomba tupu mkononi, nikaelewa mara moja kwamba mzee huyu hakuwahi kupata hata yuniti moja ya insulini tangu kuzaliwa, kwa maana insulini ikifika tumboni inasagwa kama chakula kingine, na mimi nilikuwa nimempa themanini kwa mpigo, tumbo tupu.

"Trufosa!" Nathani akaita. Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya hapo. "Glukosi!"

Nikakimbia. Mshipa wa mzee ulikuwa umelala, nikaukosa mara mbili, mara ya tatu Nathani akaniondolea sindano mkononi akaupata. Tukasukuma glukosi, bomba la kwanza, la pili. Hakuna kitu. Nilikuwa naomba kwa sauti, na maombi yenyewe hayakuwa na mpangilio. Bomba la tatu likiwa katikati, mzee akafungua jicho moja.

"Nani ameniwekea sukari mdomoni?" akauliza. Nathani alikuwa amempaka glukosi kwenye ufizi. "Si mlinikataza?"

Nathani akakaa chini sakafuni, pale pale, na koti lake la kazi.

Nilimfuata Rispa nje. Alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta, akiamini amemuua baba mkwe wake. Nilipomwambia yuko hai alilia zaidi. Kisha, kidogo kidogo, akanieleza. Kila asubuhi alichemsha bomba. Alivuta dawa mpaka mstari niliomwonyesha. Aliiweka kwenye sahani safi, akaifunika, akaipeleka kwenye kigoda nje ya kijumba cha mzee, akakohoa mara moja, akaondoka. Mzee alitoka akaichukua. Siku za kwanza alijaribu kujidunga, akatoa damu, akapinda sindano. Baada ya hapo aliona ni heri aimimine kwenye chai isiyo na sukari. Dawa zote za hospitali alizowahi kupewa, ile ya malaria, ile ya kikohozi, zilikuwa za kunywa.

"Ulijuaje anakunywa?"

"Nilikuwa naona kikombe, sista. Ilikuwa inanuka ile dawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza machoni. Alikuwa na mshangao wa kweli.

"Sista," akasema, "wewe hauna baba mkwe?"

Nilikuwa naye. Wakati ule nilikuwa nimeolewa Butere miaka miwili. Baba mkwe wangu akipita njiani mimi niliingia kwenye mahindi na kumpa mgongo mpaka hatua zake ziishe. Sikuwahi kukaa kwenye kiti chake. Chakula chake nilikipika, lakini hakukipokea mkononi mwangu. Wakati mmoja alianguka kwenye matope mbele yangu, na nilichofanya ni kukimbia kumwita mwanamume wa kumwinua. Nilimpenda sana mzee yule. Na bado nilikuwa nimemwamuru mwanamke mwenzangu, mwenye desturi zile zile, amfunue baba mkwe wake paja kila asubuhi amdunge, na alipotazama ukuta nikamfanyia mzaha. Nikivaa lile gauni jeupe nilikuwa nasahau mimi ni mke wa nani. Na laiti wangekuwa kule kwao kwa zamani pangepatikana ndugu au mpwa wa kumdunga. Lugari walikuwa wao wawili tu.

Niliketi chini kando ya Rispa. Wanga wote wa gauni ukaishia hapo.

Nilimweleza daktari kila kitu. Alichukua kadi, akaangalia "ongeza" zake sita, zote kwa mwandiko wake, akaangalia "jamaa amefundishwa" kwa mwandiko wangu. Hakufoka. Alikunja kadi akaiweka mfukoni, akaenda kusimama dirishani. Hakuna aliyeniadhibu, wala hakuna aliyeuliza tena, na kwangu hilo lilikuwa jambo la kushtua kuliko adhabu. Nilitaka mtu anifokee.

Mguu haukungoja. Miezi yote ile ya sukari bila dawa ilikuwa imeushika, na vidole vyeusi vikawa kisigino cheusi. Ulikatwa chini ya goti. Nilikuwa zamu katika chumba cha upasuaji siku hiyo, niliomba mwenyewe. Mzee alifunikwa kwa vitambaa vya kijani, kichwa mpaka miguu, na cha mwisho kilikuwa kile chenye tundu katikati. Mkiingia pale hamwoni mtu. Mnaona ngozi, kipande tu, kile cha kazi. Daktari anaweza kumkata baba yake mwenyewe kupitia tundu lile. Nilisimama nimeshika kifaa, machozi yananitoka chini ya barakoa, na ndipo nikakitazama kitambaa na kuwaza: kumbe hata hospitali ina desturi yake ya kusitiri.

Jeraha lilipopona nilikwenda kitandani kwa mzee na kitambaa cha zamani cha upasuaji, kilichopauka. Sikukaa kwenye kitanda chake. Niliongea naye nikiwa nimesimama upande, macho nimeyashusha, jinsi ningeongea na baba mkwe wangu kule Butere.

"Baba," nikasema, "hiki kitatundikwa kwenye mlango wa kijumba chako. Wewe utakaa ndani, Rispa atakaa nje. Utaweka mkono wako wa juu hapa kwenye tundu. Hakuna paja."

Akakichukua, akapitisha vidole kwenye tundu, akapima. Lilikuwa limepunguzwa kwa uzi, ukubwa wa kifungo cha koti.

"Atanishika?"

"Atashika pamba. Pamba ndiyo itakugusa."

"Na macho yake?"

"Yataona hapo tu."

Akatazama pale ambapo mguu wake ulipaswa kuwa. Nilikuwa naogopa. Akikataa, atarudi Lugari kufa, na chungu cha mchanga kimejaa dawa.

"Basi hapo," akasema mwishowe, "hapo nimempa."

Nathani aliandika barua kwa zahanati ya Lugari mpaka ikakubali kuweka insulini kwenye friji yake ya chanjo. Aliandika kumi na moja; nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyebandika stempu. Dozi ya mzee iligeuka kuwa yuniti kumi na sita. Kumi na sita tu, na mkojo ukaja wa kijani, na kuna siku moja ulikuja buluu kabisa, nikakibeba kijibomba nikawaonyesha wapishi.

Aliishi miaka mingine saba. Nawaandikia hesabu hiyo kwa sababu ndiyo pekee ninayojivunia katika kazi yangu yote. Ninyi mnaokuja nyuma, mkimaliza kumfundisha jamaa wa mgonjwa, msiulize kama ameelewa. Wote huelewa. Ulizeni huyu ni nani wake, na kama ana ruhusa ya kumgusa. Mimi nimeuliza hivyo kila siku tangu wakati ule, na wengine wenu mlinicheka kwenye korido, niliwasikia.

Mwaka wa saba Rispa alikuja kliniki peke yake. Alikuwa ameshakuwa mama mtu mzima, na safari hii aliingia ndani bila kuitwa. Aliweka kitambaa cha kijani mezani kwangu, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Nikajua.

"Alienda na usingizi," akasema. "Haikuwa sukari, sista. Ni uzee tu."

Kisha akasema mzee alikuwa ameacha neno kwa Zablon, kwamba akifa yeye, Rispa asiwekwe nje na wakaza mwana wengine. Aitwe, asimame karibu, aangalie. Wazee wa ukoo walibishana asubuhi nzima, lakini neno la marehemu likashinda. Wakamwita. Wakamfunua mzee uso.

"Nikaangalia, sista," Rispa akasema. "Miaka yote nimekaa boma moja na yeye, hiyo ndiyo siku ya kwanza naangalia. Nikaona ni mtu simjui. Nikafikiri wamekosea, wameleta mwingine."

Akaushika mkono wake mwenyewe, juu, karibu na bega, mahali pa lile tundu la ukubwa wa kifungo.

"Nikawaambia wafungue hapa. Wakafungua. Ndio nikajua ni baba, ndio nikalia."

Nilikichukua kile kitambaa nikakikunjua, nikakikunja tena, ingawa alikuwa amekikunja vizuri kuliko mimi, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.